Wenye gari moja dereva wawili watatu, siti mnaikagua kabla ya kuwasha?

MwanaKimara
Wakuu habari za leo. Nafungua uzi huu moyo bado haujatulia, maana Jumamosi iliyopita nusura nimpoteze mke wangu kwa kitu ambacho miaka yote sijawahi kukiwazia. Sio breki wala tairi, ni siti ya dereva.

Iko hivi. Nyumbani tuna IST moja, tunaiendesha watatu, mimi, waifu na mdogo wangu. Mimi mrefu, waifu mfupi, kwa hiyo ile siti kila siku inaenda mbele inarudi nyuma. Jumamosi dogo akaipeleka kuosha, vijana wa pale wakasogeza siti wasafishe chini, wakairudisha, gari ikaja home inang'aa. Waifu akaingia, akavuta siti mbele mpaka miguu ikafika, akaondoka zake. Sasa pale anapandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara foleni ikafunguka, akakanyaga mafuta, siti ikaserereka nyuma yote mpaka mwisho. Mguu hauko tena kwenye breki, mikono imenyooka ameng'ang'ania stelingi, na stelingi nayo inamfuata anakovutia, gari inahama njia. Kilichomuokoa ni Mungu na breki ya mkono, akaivuta, gari ikasimama nusu barabarani, daladala iliyokuwa nyuma ikakwepa.

Nilivyofika nikapiga tochi chini ya siti. Sarafu ya mia mbili imekaa ndani ya reli. Siti ina reli mbili, kushoto na kulia, na yale meno ya kushikia upande mmoja hayakuwa yameingia. Ukikaa unaona imeshika kumbe imeegesha tu.

Toka siku hiyo nauliza mafundi, nasoma, na nimegundua siti yenyewe nilikuwa naikaa vibaya tangu nipate leseni. Naandika nilichokielewa, mwenye zaidi aongeze.

Kwanza kabisa ukishasogeza siti, kabla hujawasha, jisukume kwa nguvu nyuma halafu mbele kwa mwili mzima. Ikicheza hata kidogo usiondoke. Na siti isisogezwe gari ikiwa inatembea, najua wengi tunafanya kwenye foleni, tuache.

Halafu ukae makalio yote yameingia mpaka kwenye kona ya siti, sio umekaa nusu. Kanyaga breki mpaka mwisho, goti linatakiwa libaki limekunja kidogo, likinyooka kabisa uko mbali. Mgongo wa siti uusimamishe mpaka ukinyoosha mkono kiganja kinafika juu ya stelingi, kifundo cha mkono kinalala pale juu, na bega lako bado limegusa siti. Kama bega linabanduka umelaza mno.

Hapo sasa kuna umbali wa kifua na stelingi, na hili ndilo lilinitisha zaidi kwa upande wa waifu. Eabegi, yaani ule mfuko wa hewa, inakaa katikati ya stelingi na ikifunguka inafunguka kwa nguvu sana, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inatakiwa kati ya mfupa wa kifua na pale katikati ya stelingi ibaki angalau sentimita 25. Hauna rula chukua karatasi ya A4, urefu wake ni karibu 30, ikienea hapo katikati uko salama. Waifu nilimpima, alikuwa na kama 15, kifua kiko pale pale mlangoni kwa eabegi.

Tulichofanya ni kunyanyua siti juu (wengi hata hawajui kuna wenzo wa kunyanyua), tukaisogeza nyuma kidogo, mgongo tukausimamisha zaidi, stelingi tukaishusha itazame kifua badala ya uso. Sasa ana 26 na breki anaifikia hadi chini. Mto mlaini wa kukalia nikautoa, kwa sababu gari ikigonga unabonyea na wewe unateleza chini ya mkanda.

Vioo unaviweka mwisho baada ya siti. Mkanda nao sehemu ya chini ipite kwenye mifupa ya nyonga, sio kwenye kitambi, na ya juu katikati ya bega. Sijawahi kuelewa wanaopitisha mkanda chini ya kwapa, mbavu za pale zikibanwa zinaingia kwenye ini na bandama.

dereva_masafa
Mkuu poleni sana, shemeji apewe pole. Ila hapo kwenye kusimamisha siti sikubaliani, mimi nina miaka zaidi ya 20 barabarani, Dar Tunduma Dar Tunduma, siti naiegemeza nyuma vizuri, ukisimama kama askari mgongo unakufa kabla hujafika Mikumi.

MwanaKimara
Kaka nakuheshimu kwa hiyo miaka 20. Sijasema wima kama ukuta, kuegemea kidogo kunaruhusiwa na mgongo unataka hivyo. Ninachosema ni kulaza. Ukilaza, mkanda wa begani unabaki hewani haugusi kifua, yaani kuna nafasi ya kupitisha ngumi. Gari ikigonga mwili unaenda mbele ukiwa umelala, nyonga zinapita chini ya mkanda, na ule mkanda wa kiunoni unapanda tumboni. Utumbo hauna mfupa wa kuulinda. Mgongo ukiuma kunja taulo dogo uweke pale kiunoni, na kila masaa mawili shuka utembee.

Abiria wa mbele ndio hatari zaidi. Wengi wetu tukifika Chalinze tunalaza siti tunakoroma, mkanda umefungwa kabisa, tunajiona tuko salama. Na wengine wanaweka miguu juu ya dashibodi! Eabegi iko chini ya hapo hapo, magoti yanarudishwa usoni.

FundiViti
Uzi muhimu huu. Mimi kazi yangu ni viti vya magari, kushona na kurekebisha, niongeze kidogo kutoka gereji.

Sarafu kwenye reli sio jambo geni. Natoa sarafu, kalamu, vifuniko vya soda, pini za nywele, mbegu za ubuyu zimegandana na vumbi kama saruji. Fyonza reli, futa, weka grisi kidogo sana, ukiweka nyingi inakamata mchanga na meno hayaingii tena. Na chupa za maji jamani msiweke chini ya siti ya dereva, inabingirika inakaa chini ya breki.

La pili ni kava za siti. Gari nyingi zenye eabegi za pembeni, eabegi yenyewe imefichwa ndani ya ubavu wa siti, utaona kitambaa kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Mteja anakuja anataka kava ya ngozi iliyobana siti nzima, ukimwambia ubavu huu uachwe wazi anaona namuharibia. Kava ikipita pale juu eabegi inashindwa kutoka au inatokea kusikotakiwa.

Halafu siti ya nyuma. Asilimia kubwa ya gari ninazopokea, vifungio vya mikanda ya nyuma vimezikwa chini ya kava. Mtu ana gari miaka minne hajawahi kuviona. Akipakia familia nyuma anasema mikanda ya nyuma ni mibovu, kumbe ipo mizima. Ingiza mkono pale kwenye mfereji utoe, au mwambie fundi akutobolee kava.

Na mtu yeyote akifungua siti yako akute waya una soketi ya njano chini, asichomoe hovyo. Njano ni mfumo wa eabegi na vile vivuta mkanda vinavyoukaza gari ikigonga. Betri itolewe kwanza, msubiri dakika kadhaa, ndio ichomolewe. Taa ya eabegi ikibaki inawaka kwenye dashibodi maana yake siku ya siku inaweza isifunguke kabisa, usikubali kuambiwa ni kasoro ndogo.

dereva_masafa
Fundi na kile cha kuegemezea kichwa vipi? Mimi changu nilikitoa kilikuwa kinanizuia kuona nyuma.

FundiViti
Kirudishe kaka, leo leo. Kile sio mto wa kulalia. Ukigongwa kwa nyuma mwili unasukumwa na siti kwenda mbele, kichwa kinabaki nyuma, shingo inapinda kama fimbo ya kuchapia. Juu yake pawe sawa na utosi wako, au angalau usawa wa juu ya masikio, na kisogo kiwe karibu nacho, kama sentimita 5 au 6 hivi. Watu wengi wamekishusha mpaka chini kimekaa shingoni, hapo shingo inavunjikia juu yake. Kikipanda hakikisha kimelia ta, kimeshika, maana kuna ambazo kitufe kimekufa kinashuka chenyewe.

mama_wawili
Hongera kwa uzi kaka, na pole kwa wifi. Naomba msaada. Nina mtoto wa miezi 7 na mwingine miaka 5, mwisho wa mwezi tunakwenda Moshi na gari yetu, Vitz. Huwa nakaa mbele na mdogo nimempakata, nafunga mkanda wangu na yeye ndani. Nimeletewa siti ya mtoto kutoka nje na dada yangu, sijui niifunge mbele karibu yangu au nyuma. Na huyu wa miaka 5 anasema mkanda unamkaba.

Mzee_wa_Kazi
Mama mpakate mwanao. Sisi tumelelewa mgongoni mwa mama zetu kwenye Land Rover za mkaa na tumekua. Hakuna mikono inayomshinda mama. Haya mambo ya viti vya mtoto ni ya wazungu.

MwanaKimara
Shikamoo mzee. Naomba nikujibu kwa heshima zote maana hata mimi wanangu nimewapakata. Nilikaa nikapiga hesabu. Gari iko spidi 50, inagonga kitu, bodi inajikunja kama sentimita 60 ndio inasimama. Kila kitu ndani kinakuwa kizito kama mara 16. Mtoto wa kilo 10 kwa lile tukio ni kama kilo 160, gunia zima la mahindi na zaidi ya nusu ya pili, linachomoka mikononi. Hakuna mama, hakuna hata mbeba mizigo wa Kariakoo atakayelishika. Spidi 50 yenyewe ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha kama mita 10, ghorofa ya tatu. Mama ana mapenzi yote ya dunia mzee wangu lakini mikono itaachia.

Na dada, kumuweka ndani ya mkanda wako ni vibaya kuliko hata kumpakata tu, nisamehe kusema hivi. Mwili wako wote unakwenda mbele na katikati yako na mkanda kuna yeye.

Mzee_wa_Kazi
Marahaba. Hilo la gunia limeniingia, hesabu hiyo sikuwahi kuiona. Haya mwelekezeni huyo mama siti anafunga vipi.

baridi_kaskazini
Mimi nipo Sweden mwaka wa nane, nina watoto watatu, nisaidie hapa.

Dada, huyo wa miezi 7 siti yake inatazama NYUMA. Sio mapenzi ya nchi, ni shingo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake na shingo bado laini. Akitazama mbele mabega yanashikwa na mikanda, kichwa kinaruka, shingo inabeba yote. Akitazama nyuma, mgongo wa siti unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kiwango kipya cha Ulaya, R129, kinalazimisha mpaka miezi 15, na huku Sweden watu wanaendelea mpaka mtoto ana kama miaka minne. Miguu kukunja isikutishe, watoto wanakunja wenyewe kama wamekaa mkekani.

Mbele USIMUWEKE. Siti inayotazama nyuma ikikaa mbele, mgongo wake unakuwa umegusana na eabegi ya abiria, ikifunguka inampiga kisogoni kupitia siti. Vitz na IST nyingi hazina swichi ya kuizima. Angalia kile kizuia jua cha juu upande wa abiria, kuna picha ya mtoto na alama ya kukataza, maandishi ya Kijapani tumeyazoea mpaka hatuoni.

Kwa hiyo nyuma. Na wewe ukae nyuma naye kama roho haikupi kumuacha peke yake.

FundiViti
Na mfahamu hizi gari zimetoka kwa Wajapani, ambao tangu Aprili 2000 sheria yao inadai mtoto chini ya miaka 6 awe kwenye siti yake. Kuanzia Julai 2012 gari mpya za kule zikalazimishwa kuja na vyuma vya ISOFIX, vya kushikia siti ya mtoto. Kama Vitz yako ni ya karibuni ingiza vidole kwenye mfereji kati ya kikalio na mgongo wa siti ya nyuma, utagusa vyuma viwili vyembamba vimepinda kama herufi U. Vikiwepo na siti yako ina makucha yake, inabofya tu. Visipokuwepo mkanda wa kawaida unafanya kazi hiyo hiyo ukikazwa vizuri.

mtoto_wa_pwani
Salaam kutoka Mombasa. Swali langu dogo, hivi viti vya mitumba vinavyouzwa huku vyafaa? Nimeona kimoja kizuri mno, lakini hakina karatasi wala maelezo.

baridi_kaskazini
Kipindue. Chini au nyuma kwenye plastiki kuna tarehe ya kutengenezwa, na vingi vina tarehe ya mwisho, kati ya miaka 6 na 10 kutegemea na kampuni. Tafuta stika ya chungwa yenye namba R44 au R129, au ikitoka Marekani stika inayotaja kiwango cha FMVSS 213. Hakina stika wala tarehe, kiache. Plastiki yenye ufa au iliyopauka kwa jua, kiache. Mikanda ikiwa imefumuka au mtu ameshona upya kwa uzi wa cherehani, kiache ndugu yangu hata kikiwa cha bure. Shida kubwa ni kwamba kiti kilichokuwa kwenye ajali kubwa hakifai tena na muuzaji hawezi kukuambia maana yeye kakitoa kwenye robota tu. Bora cha ndugu unayemjua historia yake.

FundiViti
Nyie wa pwani na sisi wa Dar kuna jingine, joto na unyevu. Zile eabegi za Takata za Japani, kampuni ilifilisika 2017, kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inatupa vipande vya chuma. Toyota, Honda, Nissan, gari zao nyingi zilifungwa eabegi hizo. Chukua namba ya chesisi uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari yako iliitwa irudishwe kubadilishwa eabegi na kama ilirekebishwa kabla ya kuja.

binti_wa_Minnesota
Nimesoma wote. Huku Marekani nilipojifungua walitaka kuona siti ya mtoto kabla sijaondoka hospitali, nikaona wananionea. Baadaye nikaona takwimu za NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huku, siti iliyotumika sawasawa inapunguza vifo vya watoto chini ya mwaka 1 kwa asilimia 71 kwenye magari madogo, na wa mwaka 1 hadi 4 asilimia 54. Neno ni SAWASAWA. Nilipeleka ya kwangu ikaguliwe nikaambiwa mikanda imelegea, na mimi nilijiona nimekaza.

Dada mama_wawili jaribu hivi. Ukishamfunga mtoto, bana mkanda begani mwake kwa vidole viwili, ukiweza kuukunja bado umelegea. Kwa anayetazama nyuma mikanda itokee usawa wa bega au chini kidogo ya bega, kwa anayetazama mbele usawa wa bega au juu yake. Kile kifungo cha kifuani kama kipo kikae usawa wa makwapa, sio tumboni. Na sweta nene lisivaliwe ndani ya mikanda. Moshi usiku kuna baridi, mfunge kwanza halafu mfunike kitenge juu yake.

Wa miaka 5 mkanda unamkaba kwa sababu bado mfupi. Anahitaji siti yake yenye mikanda, au akishaizidi, kile kiti cha kumnyanyua, mpaka afike kama sentimita 145. Utajua ameweza mkanda wa watu wazima siku akikaa mgongo umegusa siti, magoti yanakunja ukingoni, mkanda uko begani na sio shingoni, na wa chini uko mapajani. Usikubali auweke nyuma ya mgongo.

mjamzito_mwezi_wa_saba
Na sisi tumbo? Bosi wangu ananiambia mjamzito asifunge mkanda.

binti_wa_Minnesota
Funga mpendwa. Wa chini upite CHINI ya tumbo, kwenye nyonga na mapaja, wa juu katikati ya maziwa na pembeni mwa tumbo. Siti isogeze nyuma kadiri unavyofikia breki, tumbo likishakaribia stelingi bora uendeshwe.

mama_wawili
Nimerudi. Vifungio vya nyuma nimevikuta chini ya kava kama fundi alivyosema, miaka miwili nilikuwa navikalia! Vyuma vya ISOFIX sina, gari ni ya zamani. Wa miaka 5 shemeji yangu ananiazima cha kunyanyua, alikinunua mwenyewe kipya. Siti ya mdogo nimeifunga kwa mkanda, inatazama nyuma, mume wangu ameweka goti akaikandamiza akavuta mkanda. Ila juu upande wa kichwani bado inacheza nikiitikisa.

baridi_kaskazini
Juu itacheza, inayotazama nyuma ni kawaida. Shika pale mkanda unapopita ndani ya siti, tikisa kushoto kulia, isizidi sentimita 2 na nusu. Halafu angalia kichwa chake akilala, kidevu kisiangukie kifuani, laza siti kidogo kufuata alama ya pembeni.

mama_wawili
Pale inacheza kama upana wa kidole kimoja. Na kidevu kiko juu, analala vizuri.

baridi_kaskazini
Hapo safi kabisa dada. Njiani msimkalishe zaidi ya masaa mawili mfululizo. Simameni Chalinze, Segera na Same, na katikati yake masaa mawili yakifika, mtoeni ajinyooshe, na kabla ya kumrudisha gusa kwanza vile vyuma vya mikanda kama jua limevichoma.

MwanaKimara
Na baba akirudi kwenye usukani kila kituo, ajisukume nyuma mbele kwanza.